Fahali Mwenye Koti

Alhamisi hiyo Muhwezi aliingia hotelini kwa Mama Nyirabahire bila kuvua kofia ya pikipiki. Uwitonze alikuwa juu ya ngazi, akimalizia mkia wa bata mzinga ukutani, na alipomwona tu akajua kuna jambo.

"Shuka," Muhwezi alisema.

"Hata salamu hakuna?"

"Habari za kazi, Tonze. Sasa shuka, nakuomba."

Uwitonze akashuka, brashi mkononi, rangi ya njano kidevuni. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa Kinyarwanda wanachozungumza nyumbani kwao, jina lake ni la mtu mtulivu, na mama yake, Immaculata, alizoea kusema kwamba kama padri angesubiri mwaka mmoja zaidi kabla ya kumbatiza, asingekubali kumpa jina lile.

"Baba ameiona," Muhwezi alisema.

"Ameona nini?"

Muhwezi alinyoosha kidole ukutani.

Ukuta ule ulikuwa sifa ya Isingiro nzima. Mama Nyirabahire, mwenye hoteli, alikuwa amemwambia Uwitonze, "Nichoree wateja wangu." Uwitonze akawachora kweli, lakini kila mmoja kama mnyama. Palikuwa na kobe mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, na kila aliyewahi kuahidiwa "nguo yako kesho" alimjua kobe huyo ni fundi gani. Palikuwa na kinyonga juu ya pikipiki, jicho moja kwa msichana wa kushoto, jicho la pili kwa msichana wa kulia. Palikuwa na mbuzi katika joho la kwaya, kinywa wazi kuliko wenzake wote. Kuku mwenye kitenge aliongea na simu mbili kwa pamoja, na huyo alikuwa Mama Nyirabahire mwenyewe, aliyemwonyesha kila mgeni kwa fahari.

Na pale mwisho, karibu na dirisha, alikaa fahali. Fahali mkubwa, mwenye pembe ndefu, koti la suti, kofia ya pama na fimbo mapajani. Alikunywa chai huku amewapa wanyama wengine wote mgongo, kidevu juu, kana kwamba dari ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakustahili kukiona.

"Jana alikuwa kwenye josho," Muhwezi aliendelea. "Mtu akamwonyesha picha kwenye simu. Anasema watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Tonze, baba amesema Jumapili haji."

Brashi ilidondosha tone la njano juu ya kiatu chake. Jumapili Mzee Yustasi, baba yake Muhwezi, alikuwa aje kutoka Nyakakika na wazee wawili, kuleta posa nyumbani kwa kina Uwitonze. Kwa miezi mitatu Uwitonze alikuwa akimbembeleza mama yake akubali kuwapokea, maana Immaculata alisema watu wa ng'ombe hawawezi kula kwa watu wa jembe bila kukunja pua.

"Subiri kwanza," alisema polepole. "Fahali ni baba yako?"

Muhwezi akaitazama sakafu.

"Muhwezi. Mimi nilimchora mzee mmoja niliyemwona hapa mara moja tu, mwezi wa sita. Sikujua jina lake wala kwao. Wewe ulijua?"

"Alikuja kunitembelea nilipohamishiwa huku. Alinisubiri hapa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Siku ya kwanza! Uwitonze aliikumbuka kama jana. Yeye alikuwa akiosha brashi mlangoni. Bwana mifugo mpya, kijana mrefu mwenye buti za mpira na macho yaliyocheka kabla ya mdomo, aliingia, akaagiza chai ya maziwa, akainua macho kwa yule fahali, na chai ikamtoka puani. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akauliza ni nani aliyechora, akaambiwa, akageuka, na walipotazamana kicheko chake kikaisha ghafla kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema. Tangu hapo hakukuwa na Jumatano aliyokosa kuja.

"Kwa hiyo ulikuwa unamcheka baba yako," alisema.

"Nilikuwa nacheka jinsi ulivyompatia. Hujawahi kuongea naye hata neno moja, na bado ulimwona kuliko mimi niliyelelewa naye."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeifuta siku hiyohiyo."

"Ningeifuta kwa hiari yangu! Leo umekuja kuniambia niifute kwa sababu mzee amekasirika. Si ndicho kilichokuleta?"

Muhwezi alivua kofia ya pikipiki hatimaye. Nywele zilikuwa zimelala upande mmoja, na katika siku nyingine Uwitonze angezipanga kwa vidole vyake.

"Kopo moja tu la rangi nyeupe," alisema kwa sauti ya chini. "Dakika kumi. Nitampigia, nitamwambia haipo tena. Tonze, ni siku tatu zimebaki."

"Umemwambia nani alicheka wa kwanza?"

Muhwezi aliigeuzageuza kofia mikononi.

"Umemwambia ulikaa hapa kila Jumatano ukiitazama?"

"Unajua baba yangu alivyo..."

"Simjui. Namjua fahali tu." Hakutaka kulia mbele ya meza nne za wateja, ambao wote walikuwa wameacha kutafuna. "Sikiliza. Kama nimemkosea mzee, nitapiga magoti nimwombe radhi, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Lakini sitafuta picha ili wewe usionekane. Leo nitafuta fahali. Nikishaolewa nitafuta nini? Nenda kamwambie ukweli. Ukishamwambia, rudi."

"Na nisipoweza?"

"Basi usirudi."

Alipanda ngazi bila kugeuka. Nyuma yake alisikia pikipiki ikiwaka, ikizima, ikiwaka tena, kisha ikaondoka.

Ijumaa yote Uwitonze alichora vibaya. Mama Nyirabahire alisimama chini ya ngazi na sinia la chapati, akainamisha kichwa upande, akamtazama bata mzinga kwa muda mrefu.

"Mwanangu, huyu amefiwa?"

"Ni bata mzinga wa kawaida, mama."

"Bata mzinga wa kawaida ni mtu wa majivuno, kama shemeji yangu. Huyu machozi yanamlengalenga." Akaweka sinia. "Atarudi."

"Nani?"

"Usiniulize nani. Mimi ndiye kuku wa simu mbili, nakuambia atarudi."

* * *

Jumamosi, saa nne asubuhi, hoteli ilikuwa imejaa watu waliotoka gulioni. Mlango ukatiwa kivuli. Uwitonze, aliyekuwa akikoroga rangi, aliona kwanza fimbo, kisha koti la suti, kisha kofia ya pama.

Mazungumzo yakakatika meza baada ya meza. Fundi cherehani aliyejijua ni kobe alijificha nyuma ya kikombe.

Mzee Yustasi hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akajitazama. Muhwezi aliingia nyuma yake, vumbi la safari usoni, na macho yake yakamtafuta Uwitonze katika umati ule kama mtu anayetafuta njia. Moyo wa msichana uliruka. Amerudi. Lakini amesema?

"Nani amechora hii?" mzee aliuliza.

Uwitonze aliweka kopo chini. "Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe umewahi kumwona ng'ombe?"

Hakulitarajia swali hilo. "Nimewaona, mzee. Wakipita barabarani."

"Barabarani!" Mzee Yustasi aligeukia watu kwa mara ya kwanza, kama anayewataka wawe mashahidi. "Mnasikia, waitu, ndugu zangu? Anawaona barabarani! Ndiyo maana. Binti, kunifananisha na fahali hujanitukana. Baba yangu aliitwa fahali na watu waliompenda. Lakini hizi pembe! Hizi ni pembe za mbuzi! Nilipoziona kwenye simu ya yule bwana nilitamani ardhi ipasuke. Watu wa josho zima wananiona na pembe za mbuzi!"

Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo. Muhwezi alikuwa ameachama.

"Baba, ulikasirikia pembe?"

"Ulidhani nimekasirikia nini? Koti? Koti amelipatia, hata kifungo kilichokatika amekiweka."

"Basi nifundishe, mzee," Uwitonze alisema. Aliokota kipande cha mkaa karibu na jiko, akasogea ukutani. "Zinatokaje kichwani?"

Mzee akampa Muhwezi fimbo, akavua kofia, akasimama katikati ya hoteli na kuinua mikono yake miwili.

"Tazama. Haziendi juu moja kwa moja. Kwanza zinakwenda pembeni, kama mtu anayekukaribisha. Hivi. Kisha zinapanda. Kisha ncha zinarudi ndani kidogo, zinataka kusalimiana lakini hazigusani. Umeona mikono yangu? Wanawake wa kwetu wakicheza arusini huinua mikono hivi hivi. Chora!"

Uwitonze alichora. Mkaa ulikimbia ukutani, pembeni, juu, ndani, na mzee akabaki pale, mikono juu, koti limepanda mpaka mbavuni, akitoa amri. "Pana zaidi! Pana! Unaogopa nini?" Meza zote zilikuwa zimesahau chai. Mama Nyirabahire alishikilia birika hewani bila kummiminia mtu.

Muhwezi akaweka fimbo chini.

"Baba," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. Akakohoa, akaanza upya, kwa nguvu mpaka waliokaa barazani wakageuka. "Baba, nina neno. Nilikaa nalo njia nzima tukija. Wa kwanza kuicheka picha hii nilikuwa mimi. Nilijua ni wewe. Nilicheka hadi chai ikanitoka puani, na kila Jumatano nilikuja kuitazama tena. Tonze hakujua wewe ni nani. Aliyekosa ni mimi, kwa kunyamaza."

Mzee alishusha mikono taratibu. "Ulicheka nini hasa?"

"Kidevu, baba."

Mzee Yustasi alikigusa kidevu chake. Akakitazama cha ukutani. Mabega yalianza kutikisika, na kabla watu hawajajua kama ni hasira, kicheko kilimtoka, kizito, cha mtu asiyekitumia mara kwa mara.

"Kidevu ni cha ukoo," alisema. "Na wewe unacho, usicheke sana." Akaifuta miwani. Alipoivaa tena uso ulikuwa umetulia. "Lakini binti, jambo moja sikulielewa. Hawa wote wanaongea, wanacheka. Kwa nini mimi umenigeuzia ukutani? Nilikukosea nini?"

Uwitonze angeweza kusema ni mtindo wa uchoraji tu. Alimtazama Muhwezi, aliyekuwa ametoka kusema ukweli wake mbele ya soko zima, akaona aibu kuuficha wa kwake.

"Siku ile ya mwezi wa sita nilikusalimia, mzee. Nilikupa shikamoo mara mbili. Hukuitikia. Niliona umenidharau kwa kuwa nina nguo za rangi na mikono michafu. Iliniuma. Ndipo nikakuchora hivyo."

Hakuna aliyecheka.

"Ulisimama upande gani?" mzee aliuliza.

"Hapa, upande wa dirisha. Kushoto kwako."

Mzee Yustasi aliinua mkono akaligusa sikio lake la kushoto. "Hili halisikii," alisema. "Tangu mwaka ule ng'ombe aliponipiga teke bondeni. Aliyejua ni mama yake huyu peke yake, na Mungu amemchukua. Nikikaa penye kelele nageukia ukuta, watu wasiniulize mambo nikawajibu upuuzi."

"Baba!" Muhwezi alimshika mkono. "Miaka yote hiyo? Mimi natibu mifugo ya wilaya nzima, na wewe hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenidunga sindano ya ng'ombe."

Machozi yalikuwa yamemjaa Uwitonze, na sasa kicheko kilipita katikati yake. Alizunguka, akasimama upande wa kulia wa mzee, akapiga goti.

"Nisamehe, baba. Nilikuona vibaya. Nitakugeuza leo leo, uwatazame wenzako."

Mzee alimshika bega, akamwinua. Alifikiri.

"Usinigeuze kabisa," alisema. "Kiburi nacho ninacho, si uongo. Nigeuze nusu."

Hoteli nzima ililipuka. Mbuzi wa kwaya alipiga meza, kobe alijitokeza nyuma ya kikombe chake, na Mama Nyirabahire akamimina chai mezani badala ya kikombeni. Mzee Yustasi alingoja kelele zipungue, akavaa kofia yake, akasema kama mtu anayepanga zamu ya malisho:

"Leo nalala kwa mwanangu. Wazee wenzangu nitawapigia, waje na gari la asubuhi. Kesho baada ya misa tutafika kwenu. Mwambie mama yako nakula ndizi na maharage kama mtu mwingine yeyote. Na awe na subira, ataongea upande wa kulia."

* * *

Walishuka pamoja kuelekea nyumbani kwa kina Uwitonze, Muhwezi akiikokota pikipiki iliyozimwa ili safari iwe ndefu. Njia ilipita kati ya migomba, na majani mapana yalipokutana juu yao mwanga ukawa wa kijani.

"Niliogopa," Muhwezi alisema. "Jana nilikaa naye zizini kutwa nzima. Kila nikifungua mdomo naongea habari za kupe. Asubuhi akasema twende Isingiro akaione picha mwenyewe. Nikajua nikifika pale bila kusema, nimekukosa."

"Ulisema mbele ya watu wote."

"Nilitaka usikie mwenyewe kwamba nimesema."

"Sauti yako ya kwanza ilikuwa ya kifaranga."

"Tonze!"

"Ya pili ilikuwa ya mtu ninayemtaka."

Alisimamisha pikipiki. Walitazamana mpaka Uwitonze akahisi masikio yakipata moto. Muhwezi alinyoosha kidole, akaligusa doa la mkaa shavuni mwake, akajaribu kulifuta, akalifanya kubwa zaidi.

"Usifute," Uwitonze alinong'ona. "Huwezi."

"Sina haraka," alisema, na kidole kikabaki palepale.

"Nani huyo?" Sauti ya Immaculata ilitoka migombani. Mama mfupi mwenye kilemba alijitokeza na panga mkononi, akamwona binti yake, akamwona kijana, akaona nafasi ndogo iliyokuwa katikati yao. Muhwezi alirudi nyuma hatua mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia hawaji."

"Wanakuja, mama," Uwitonze alisema, na furaha ikamzidi, maneno yakakimbizana. "Kesho, baada ya misa! Mzee mwenyewe amekuja hotelini, tumeyamaliza, amesema anakula ndizi na maharage, na mimi nitakwenda Nyakakika kuwatazama ng'ombe kwa karibu, mama, ameniambia nisichore tena pembe mpaka nimezishika!"

Immaculata alimtazama binti yake. Kwa siku mbili alikuwa amemwona akisukuma chakula sahanini. Sasa alimwona mashavu yakimng'aa, mkaa mpaka puani, na hakupata tena lile neno la watu wa jembe na watu wa ng'ombe. Pengine alilitafuta. Badala yake alimkazia macho Muhwezi.

"Kesho ndiyo hiyo kesho, na mkungu bado uko juu. Shika panga. Kata ule pale."

Muhwezi, ambaye alizaliwa zizini na hakuwahi kukata mgomba maishani mwake, alilipokea panga kwa mikono miwili kwa heshima. Aliuendea mgomba. Hakuutia jeraha dogo katikati ili uiname, kama kila mtoto wa Isingiro ajuavyo. Aliufyeka shinani, pigo moja la nguvu zake zote.

"Siyo hapo!" Uwitonze alipiga kelele.

Mgomba uliyumba, ukafikiri, ukaanguka wote mzimamzima juu ya maharage yaliyopandwa chini yake, na Muhwezi, badala ya kukimbia, aliukumbatia mkungu kama anayemdaka ndama anayezaliwa. Walikwenda chini pamoja. Palipotulia, kulikuwa na majani, na buti mbili za mpira zikitokeza.

"Yezu na Mariya, maharage yangu!" Immaculata alisema.

"Mkungu haukugusa chini, mama," sauti ilitoka chini ya majani. "Hata ndizi moja haijachubuka."

Immaculata alijaribu kukunja uso. Alijaribu kweli. Kisha akakaa juu ya ukingo wa shamba, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge, na kicheko kikamshinda. Uwitonze alipiga magoti kwenye maharage yaliyolala, akayafunua majani moja baada ya jingine mpaka akaupata uso aliokuwa akiutafuta, una utomvu, una aibu, unacheka. Akampa mkono wake wenye mkaa.

"Mwache kwanza apumue," mama yake alisema nyuma yao, akifuta macho. "Halafu umwonyeshe kisu kiko wapi. Ndizi za kesho atazimenya yeye."